Taa Zao Zikiwaka, Zetu Zinafifia

Nyumba tuliyoishi Kitui mjini ilikuwa nusu ya nyumba. Mwenye nyumba alikaa mbali, Kathonzweni, na ng'ombe wake, na alikuwa amejenga jengo moja refu la matofali akaligawa katikati kwa ukuta ili apate wapangaji wawili. Ukuta huo haukufika kwenye mabati. Mtu akikohoa upande wa pili unamsikia, na mchuzi wao ukiungua wewe ndiye unayetangulia kujua. Tulihamia hapo mwanzoni mwa miaka ya themanini, baba yangu alipopata uhamisho wa ukarani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kuanza kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji, kwa hivyo niliishi nao, baba na mama. Mama yangu nilimwita Mwaitu, kama Wakamba wengi wanavyowaita mama zao.

Mwaitu alikuwa hajawahi kuishi na stima. Kule Kilungu tulikotoka tulitumia koroboi na moto wa kuni. Siku ya kwanza baba alipobonyeza swichi, alisimama katikati ya chumba akiangalia juu, kisha akaanza kufagia sakafu iliyokuwa imeshafagiliwa, kwa sababu alikuwa ameona vumbi ambalo hakujua lipo. Miezi michache baadaye baba alinunua friji iliyotumika, kutoka kwa ofisa aliyekuwa anahama, na jiko la koili la kupikia chai. Mwaitu akaanza kugandisha maji ya rangi na sukari na kuwauzia watoto wanaotoka shule. Sijui kama amewahi kupenda kitu chochote cha nyumbani jinsi alivyopenda friji ile. Aliipangusa kila siku kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Upande wa pili wa ukuta aliishi fundi cherehani na mke wake. Walikuwa Waislamu, yeye mzaliwa wa Kitui, mke ametoka Mwingi, katika familia ambayo babu yake alikuja zamani kutoka pwani kufanya biashara. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Mimi nilimwita mke Shangazi na yule mzee nilimwita Mjomba, na wao wakaniita mwanangu. Mjomba alishonea barazani, kwa cherehani ya kukanyaga. Shangazi alipiga pasi nguo zilizokamilika, ndani, kwa pasi nzito ya umeme.

Mjomba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ilikuwa ya kudungwa sindano kila asubuhi na ilitakiwa kukaa mahali pa baridi. Kabla hatujahamia, Shangazi aliiweka ndani ya mtungi wa maji, na akaamka kila siku na wasiwasi. Friji ilipofika, Mwaitu mwenyewe ndiye aliyeenda kubisha hodi kwao. Nilimsikia akisema, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Mama, lete hiyo dawa ya mzee. Itakaa kwetu. Hapo ni kama kwako."

Basi chupa zile ndogo zikapata mahali pao mlangoni mwa friji, chini ya mayai, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kila asubuhi Shangazi alikuja na kisahani chake, akachukua chupa moja, akaenda, akairudisha, na akirudi alikuta Mwaitu ameshammiminia chai. Walikaa jikoni wakiongea. Mwaitu hakuwa na rafiki mwingine mjini. Wanawake wa ofisini kwa baba walimcheka Kiswahili chake. Shangazi alimrekebisha polepole, bila kucheka, na Mwaitu akamfundisha kupika muthokoi, mahindi yale yaliyotwangwa yakatolewa maganda, mpaka yakaiva vizuri.

Nimeyasema haya kwanza ili ijulikane tulikuwa nani kabla ya taa kuanza kusumbua.

Zilianza kusumbua mwaka ambao mvua za mwisho wa mwaka zilichelewa. Jioni moja tulikuwa tunakula, taa ya sebuleni ikapepesa, ikafifia hadi ule uzi wa ndani ya balbu ukaonekana mwekundu kama kaa, kisha ikarudi. Baba akasema ni balbu inataka kufa. Akaizima, akapanda kiti, akaikaza. Ikawaka vizuri, tukamaliza kula. Kesho yake ikafanya vile vile. Baba akaweka balbu mpya. Ile mpya ikawaka kwa mwanga mkali mweupe ambao hatukuwahi kuuona, na kabla ya wiki kwisha ikapasuka kwa mlio, vigae vya kioo vikaanguka kwenye ugali.

Baba hakuwa fundi lakini alikuwa mtu wa kufuata jambo hatua kwa hatua. Alianza na kilicho karibu. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafungua kishikio cha balbu, akasafisha kutu kwenye vile vidole vya shaba kwa msasa. Haikusaidia. Akabadilisha swichi ya ukutani. Haikusaidia. Akatoa fyuzi zote, akafunga uzi mpya, akakaza skrubu. Haikusaidia. Kisha akagundua kwamba si taa ya sebuleni peke yake. Zote zilikuwa zinafifia pamoja na kurudi pamoja, hata ile ya jikoni. Akasema, "Basi tatizo haliko kwenye taa. Liko kule stima inakotoka."

Jioni hiyo hiyo akampigia Mjomba kelele juu ya ukuta.

"Mzee, kwako taa ziko vipi?"

"Zangu? Zinawaka kama jua, bwana! Zako?"

"Zangu zimefifia."

"Ngoja." Tukamsikia akimwambia mkewe awashe pasi. Hapo hapo taa zetu zikapanda, nyeupe, mpaka tukafumba macho. Upande wa pili Mjomba akapiga kelele, "Sasa zangu zimekufa! Bwana karani, umechukua jua langu!"

Tulicheka. Nakumbuka baba alicheka hadi akashika mbavu, na Mwaitu akafunika mdomo kwa leso. Kwa siku kadhaa ulikuwa mchezo wa jioni. "Yako vipi?" "Imefifia!" "Basi nirudishie!" Wazee wawili wakiitana juu ya ukuta kama watoto.

Baba aliripoti. Watu wa umeme wakaja mchana, mimi na baba tukiwa kazini na hakuna kitu kizito kimewashwa, wakapima kwenye mita, wakamwambia Mwaitu umeme unafika sawasawa, shida iko ndani ya nyumba, amwambie mwenye nyumba. Baba akamwandikia mwenye nyumba. Jibu likawa kwamba atafute fundi.

Fundi aliyepatikana alikuwa na duka la kutengeneza redio karibu na soko. Alipanda kwenye boriti za paa kupitia jikoni, akatambaa juu yetu chini ya mabati. Alishuka amejaa utando wa buibui, mkononi ana kipande cha waya kilichotafunwa na panya. Alikuwa amefurahi sana kukipata. Akaunga, akafunga utepe mweusi, akasema imeisha. Jioni taa zikapepesa kama kawaida. Akaitwa tena. Safari hii hakupanda popote. Alisimama uani akazitazama taa zetu, akazitazama zao kupitia dirishani, akamwambia Shangazi azime pasi, akamwambia awashe. Kisha akaingia kwetu, akafunga mlango nyuma yake na kushusha sauti.

"Mzee, mimi nitakuambia ukweli. Nyumba mbili, zao zikiwaka zenu zinafifia. Hapa kuna mtu anavuta stima ya mwenzake."

"Anavuta vipi?" baba akauliza.

"Hiyo ni kazi ya kutafuta. Waya unaweza kupitishwa popote."

Baba alisema huo ni upuuzi. Alimwambia pale pale, akamtoa nje. Lakini Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na nilimwona anavyotazama juu, mahali ukuta ulipoishia kabla ya mabati.

Chai ya asubuhi iliendelea. Ila sasa Shangazi akiondoka, Mwaitu alikuwa anatoka uani kutazama paa. Akaanza kuhesabia watu vitu vyao. "Ile pasi inawaka kutwa nzima. Na redio. Wanalipaje?" Nilimwambia kila nyumba ina mita yake na kila mtu analipa yake. "Ndiyo," alisema. "Kama inapita kwenye mita."

Nao upande wa pili, tulikuja kujua baadaye, walikuwa na hesabu yao. Jioni moja Mwaitu aliwasha jiko la koili apike chai wakati Shangazi anapiga pasi koti la suti la mwalimu mkuu mmoja. Pasi ikawaka moto kuliko kawaida yake, na koti likabaki na alama ya kahawia mgongoni, yenye umbo la pasi kamili. Mjomba alilazimika kununua kitambaa kingine na kushona upya. Tulimsikia akimfokea mkewe, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Na tukamsikia mkewe akijibu, kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa, "Si mimi. Ni wao. Wanatusukumia moto wao."

Baba aliweka kijiko chini. Mwaitu akasema kwa Kikamba, "Umesikia?"

Mwaitu aliupata waya wiki hiyo hiyo. Ulikuwa umetokea kwenye dirisha la Mjomba, ukapanda ukutani, ukapita juu ya mabati yao na kuingia juu ya mabati yetu, ukaishia kwenye kijiti kilichofungwa pembeni mwa paa letu. Ulikuwa mwembamba, wa shaba. Ulikuwa pale tangu kabla hatujahamia. Ulikuwa waya wa kunasia mawimbi ya redio, ili Mjomba asikie habari vizuri. Mtu yeyote angemwambia. Mimi ningemwambia. Lakini nilikuwa shuleni, na baba alikuwa ofisini, na Mwaitu alichukua panga, akapanda juu ya pipa la maji, akaukata.

Nilirudi nikawakuta uani. Mwaitu ameshika kipande cha waya, Shangazi amesimama mbele yake na unga mikononi.

"Hii waya ni ya nini, mama?" Mwaitu alikuwa anauliza. "Niambie. Hii waya ilikuwa inatafuta nini kwangu?"

"Ni ya redio. Ya redio, dada yangu. Umeikata kwa nini?"

"Redio ndiyo inamaliza stima yangu?"

"Wallahi ni ya redio tu."

"Usiniapie. Mimi nimekupa friji yangu. Nimekupa chai. Na wewe unaniibia kupitia juu ya kichwa changu."

Nikamwambia Mwaitu kwa Kikamba aache, hiyo ni ya redio kweli. Hakugeuka hata. Shangazi alikuwa ananitazama mimi, labda akingoja niseme kwa Kiswahili kile nilichosema kwa Kikamba. Nikasema, "Shangazi, amekosea." Ilitoka sauti ndogo. Akapangusa mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Nipe dawa ya mume wangu."

Mwaitu akaingia ndani, akarudi na kile kitambaa cheupe. Nilidhani atakapokishika, akihisi ubaridi wake, atakumbuka. Alikinyoosha mbele. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili na kurudi kwake, na mlango wao wa uani, ambao ulikuwa haufungwi mchana, ukafungwa.

Baba aliporudi alienda kugonga. Mjomba alimfungulia, wakaongea wamesimama. Mjomba hakuwa na hasira. Alisema, "Bwana karani, wanawake wamekosana, tuwape muda. Dawa tutaiweka kwenye mtungi, kama zamani." Baba akamsihi airudishe kwenye friji, kama si kwa heshima ya Mwaitu basi kwa ajili ya afya yake mwenyewe. Mjomba akasema atamwuliza mkewe. Lakini mkewe alikuwa amesikia yote, maana ukuta ulikuwa ule ule, na hakurudisha.

Ilikuwa Oktoba, na Kitui mwezi huo joto halina huruma. Maji yaliletwa kwa punda na yalifika ya uvuguvugu. Nilikuwa nauona mtungi ule wa Shangazi kila nilipopita, umewekwa kivulini kwenye kona ya baraza, umezungushiwa mchanga ambao aliumwagia maji asubuhi na jioni. Alijitahidi. Mtu asije akasema hakujitahidi.

Taa ziliendelea. Jioni zilipofifia kwetu hakuna aliyeita tena juu ya ukuta. Tulikaa kimya tukijua kwamba wao pia wamekaa kimya chini ya taa zinazowaka kupita kiasi, na zikigeuka, tukijua wanatulaani. Mwaitu alianza kuwasha jiko la koili kuwakomoa, wakati ambao hakuna cha kupika. Baba alilizima, akamwambia akifanya hivyo tena atalitupa. Balbu zilipasuka kwetu, zikapasuka kwao. Niliwahi kusikia moja ikipasuka upande wa pili na Shangazi akilia, kilio cha mtu aliyechoka, na Mwaitu aliyekuwa anachambua mchele akaacha mkono hewani, akasikiliza, kisha akaendelea kuchambua.

Mjomba alianza kukonda. Alikuwa anakunywa maji wakati wote, kikombe kiko chini karibu na cherehani. Siku moja alikanyaga kipande cha waya au msumari uani, hakuna aliyejua kwa hakika kwa sababu mwenyewe hakuhisi. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu wake wa kukanyagia cherehani. Aliendelea kushona nacho. Kilipoanza kunuka, Shangazi alimfunga kanga mguuni na kumpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani mmoja muuza mbao. Baba alikimbia kutoka ofisini kwenda kusaidia kumbeba. Mwaitu alibaki mlangoni.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilienda kumwona. Alikuwa amelala akiangalia dari ya wodi, ambako kulikuwa na taa moja ndefu iliyowaka bila kutikisika. Akaniambia, "Mwanangu, hapa stima yao ni nzuri." Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, hakuniangalia. Nilipotoka nilimfuata daktari kwenye korido nikamwuliza kama dawa iliyokaa kwenye joto inaweza kuwa ndiyo sababu. Alikuwa mtu mpole. Alisema joto huweza kuipunguza nguvu. Alisema pia kwamba ugonjwa wenyewe hufanya hivyo kwa miguu hata dawa ikiwa nzima, na kwamba mzee alikuwa nao miaka mingi. "Siwezi kukuambia ni ipi," alisema. "Hakuna anayeweza."

Nimeishi na jibu hilo kuliko nilivyoishi na jibu jingine lolote. Kama angesema ni dawa, tungejua tunachokililia. Kama angesema si dawa, Mwaitu angelala. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwaitu alivyosema, neno kwa neno. Akauliza, "Lakini inaweza?" Nikasema, "Inaweza." Akatoka uani na kukaa huko mpaka giza likaingia.

Walihama kabla ya Krismasi, kwenda Mwingi kwao Shangazi. Mtoto wao wa kiume alikuja na pikapu, akapakia kitanda, sufuria, na cherehani. Mjomba alikaa mbele, gongo kati ya mapaja. Alimpungia baba mkono. Mwaitu alikuwa ameoka mkate, ameufunga vizuri, na alitoka nao hadi kwenye gari, lakini Shangazi alikuwa ameshapanda nyuma na kutazama upande wa pili, na pikapu ikaondoka. Mwaitu aliingia na mkate wake. Hatukuula. Sijui aliupeleka wapi.

Jioni ile nyumba ya pili ilikuwa tupu, giza, mlango una kufuli. Mwaitu aliwasha taa ya sebuleni. Ikafifia. Ikapepesa. Ikapanda, ikafifia tena.

Sisi watatu tulisimama tukiiangalia. Baba akavua miwani. Mwaitu alinyoosha mkono akaizima, tukala gizani.

Wapangaji wapya walikuja mwaka mpya ulipoanza, ofisa kijana na mke wake, watu wasio na subira. Taa zao zilipopepesa mara ya kwanza walileta fundi kutoka Machakos, mwanamume mnene mwenye maneno mengi na kipimo cha umeme kwenye mkoba wa ngozi. Aliomba tuwashe kila kitu tulicho nacho, pande zote mbili, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha chuma kilichokuwa juu ukutani kwa nje, katikati ya jengo, pale nyaya zinapoingia. Kisanduku hicho tulikipita kila siku. Akakifungua, akaita, "Njooni muone."

Ndani kulikuwa na nyaya zimeungwa. Kiungo kimoja kilikuwa cheusi, kimeota kutu ya kijani, na skrubu yake ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa ukucha.

"Kila nyumba hapa ina waya wake wa kuleta umeme," alisema, akituonyesha kwa bisibisi. "Lakini wa kurudisha umeme mnatumia mmoja. Ni huu. Aliyeunga hakukaza, ukaungua polepole. Sasa umeme ukikosa njia ya kurudi, wa nyumba moja unapitia kwenye nyumba nyingine. Anayewasha vitu vizito taa zake zinafifia, mwenzake zinapanda mpaka balbu zinapasuka. Mlikuwa mnapigana bila kujua, nyinyi watu." Akacheka.

Mwaitu akauliza, "Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anaiba?"

"Aibe nini, mama? Hapa hakuna wizi. Ni skrubu tu."

Alikata sehemu iliyoungua, akasugua shaba mpaka ikang'aa, akaunga upya na kukaza. Chai tuliyomwandalia ilikuwa bado haijapoa alipomaliza. Jioni taa ziliwaka kimya, pande zote mbili, mwanga ule ule mmoja. Mke wa ofisa alipiga makofi. Mwaitu alienda kulala bila kula.

Alianza kusema habari ya kwenda Mwingi wiki hiyo, lakini aliiahirisha, akaiahirisha tena. Alisema atakwenda akipata kitu kizuri cha kupeleka. Alisema barabara imeharibika kwa mvua. Tulipokwenda, mimi na yeye, Mjomba alikuwa ameshazikwa. Homa ilimpata, walituambia pale mlangoni, na kidonda cha mguu uliokatwa hakikuwa kimefunga vizuri. Hakuna aliyetuletea habari, na kwa nini wangetuletea.

Shangazi alikuwa bado kwenye eda ya kufiwa na mumewe, amekaa ndani kwenye mkeka. Alituruhusu tuingie. Mwaitu alipiga magoti mbele yake, mwanamke mzima, na kumweleza habari ya kisanduku na kiungo na skrubu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Ni Shangazi aliyemfundisha. Alimaliza kwa kusema, "Nilikukosea mama, bure."

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amezeeka sana kwa muda mfupi.

"Mimi pia nilidhani ni nyinyi," alisema. "Nilikuwa nawaombea mabaya. Usiku na mchana."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Siwezi kukaa na deni la mtu wakati huu." Kisha akatazama mikono yake. "Lakini sasa tumejua, tutafanya nini na huko kujua? Afadhali ungekaa na ukweli wako huko kwenu. Mimi nilikuwa na mtu wa kumlaumu."

Alituagizia chai. Ililetwa, tukainywa kwa sababu haikuwezekana kuikataa. Tulipoinuka hakumshika Mwaitu mkono, ila alisema nendeni salama, na alilisema kwa heshima.

Mwaitu alirudi mtu mwingine. Aliacha kugandisha barafu. Friji iliendelea kunguruma jikoni na hakuigusa kwa kitambaa tena. Baba alipostaafu walirudi Kilungu, kwenye nyumba yao ya zamani, na nikaamini milima na baridi na watu wake vitamrudisha. Havikumrudisha. Alikaa akiangalia chini kwenye bonde. Watu walidhani ni uzee.

Katika miaka ya tisini alipougua ule ugonjwa uliommaliza, aliniomba kitu kimoja. Nisafiri hadi Mwingi, nimtafute Shangazi, nimwambie anamsalimia, na kama anaweza, aje waonane. Nilikwenda. Nyumba ile niliikuta imeuzwa, anaishi mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yule mtoto wao wa pikapu alikuwa amehamia mbali, hakuna aliyejua wapi. Wengine waliniambia Shangazi alikwenda kwa jamaa za babu yake pwani, lakini pwani ni kubwa. Mzee mmoja alidhani amefariki, kisha akasema labda anamchanganya na mwingine.

Niliporudi nilimkuta Mwaitu ameinuliwa kitandani, amefungwa leso kichwani, ananingoja. Nilimwambia yote bila kumdanganya.

"Uliuliza msikitini?"

"Niliuliza, Mwaitu."

"Na sokoni?"

"Na sokoni pia niliuliza."

"Kwa wauza vitambaa? Mzee alikuwa anajulikana na wauza vitambaa."

"Nilipita kwa wote."

Akatikisa kichwa polepole. "Haya," alisema, akageukia ukutani, akanipa mgongo. Nilikaa pale pembeni mwa kitanda mpaka ndugu zetu walipoingia na uji.